“Usiguse Breki ya Mbele”: Historia ya Mafunzo ya Pikipiki, Tukianzia Dumila

Ukitaka kujua mtu alifundishwa na nani kuendesha pikipiki, usianze kwa kumuuliza leseni. Muulize akitaka kusimama ghafla anakamata breki ipi kwanza. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, Dumila au kwingine, na jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili: ya nyuma, ya mguu. Ya mbele je? Hiyo usiiguse, itakurusha. Ukiuliza nani kasema, utaambiwa ndivyo walivyofundishwa. Na aliyewafundisha naye ndivyo alivyofundishwa.

Makala hii ni historia ya sentensi hiyo. Nataka tuifuate ilikotoka, tuone ni wapi ina haki na ni wapi inaua. Njiani tutawatazama watu wa nchi nyingine walivyohangaika na swali ambalo kila mzazi mwenye kijana anayetaka pikipiki analijua: huyu atafundishwa nini, na nani, kabla hajapanda lami?

Dumila panafaa kuanzia. Kama hujawahi kupita, ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, uliotanda kandokando ya barabara kuu ya kwenda Dodoma. Mabasi yanasimama, mahindi na mboga vinauzwa, malori ya Dodoma, Singida na ya mbali zaidi, ya Rwanda, Burundi na Kongo, yanapita usiku na mchana. Hapohapo inachepuka barabara ya kwenda Kilosa kupitia Rudewa, na jirani tu, pale Magole, inachepuka ya kwenda Turiani. Hizo ndizo lami. Lakini pikipiki ya Dumila haiishi kwenye lami peke yake. Inaishi pia kwenye njia za mashambani: vumbi la kiangazi, tope la masika, mchanga ulioachwa na mito ikishamwagika. (Mito ya huku si ya kutania. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu hapohapo darajani Dumila, na safari za Morogoro na Dodoma zikasimama.) Kwa siku moja dereva anaweza kutoka kwenye tope kuingia lami na kurudi tena mara kumi. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Pikipiki ilipokuwa ya wachache

Kwa miaka mingi pikipiki kijijini ilikuwa chombo cha kazi cha watu wachache sana. Bwana shamba alikuwa nayo. Mganga wa zahanati, padri, labda msimamizi wa shamba la mkonge. Ilikuja pamoja na ajira. Aliyekabidhiwa alikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na akiiharibu alikuwa na mtu wa kumjibu. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo hadi leo ndiyo msingi wetu pamoja na marekebisho yake, inadai leseni kwa kila anayeendesha chombo cha moto, na pikipiki ina daraja lake, A. Kwa wakati ule hilo lilitosha. Pikipiki zilikuwa chache mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya shule.

Mwaka huohuo wa 1973, kule Marekani, watengenezaji wa pikipiki waliungana kuanzisha taasisi ya kufundisha waendeshaji wapya, Motorcycle Safety Foundation. Na Juni 1973 Uingereza ikafanya kofia ngumu kuwa lazima kwa kila apandaye pikipiki. Wenzetu walikuwa tayari wamezika vijana wengi kufika hapo. Sisi tulikuwa bado tunatembea kwa miguu na baiskeli.

Na baiskeli ndiyo iliyoleta mambo. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wanawavusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka “boda” moja hadi nyingine. Kwetu baiskeli za abiria zilishamiri sana Kanda ya Ziwa. Shinyanga watu walikuwa wakiziita daladala. Kisha, miaka ya 2000, zikaingia pikipiki za bei nafuu kutoka China na India. SanLG, T-Better, Boxer, TVS: majina haya yakawa ya kawaida kama ya sabuni. Mtu aliyeuza gunia za mahindi msimu mzuri, au mwalimu aliyepata mkopo, aliweza kununua moja na kumkabidhi kijana, jioni aletewe hesabu.

Serikali ilifuata nyuma. Kanuni za mwaka 2010 ziliiweka rasmi pikipiki na bajaji katika orodha ya vyombo vya kubeba abiria kwa malipo, chini ya SUMATRA. Tangu 2019 kazi hiyo iko kwa LATRA. Wakati kanuni zinatoka, vijiwe vilishajaa.

Sasa angalia kilichotokea kwenye mafunzo. Kijana aliyekulia kwenye baiskeli anapopanda pikipiki, jambo gumu kuliko yote, yaani kukaa wima juu ya magurudumu mawili, tayari analo. Kilichobaki ni klachi, gia na ekseleta. Ndiyo maana mtu “anajua” pikipiki kwa jioni mbili. Mwili wake unamwambia anajua, wenzake wanamwambia anajua, na pikipiki yenyewe, ikiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, haimpingi.

Darasa la kiwanja cha mpira

Nikueleze darasa lenyewe kwa ambaye hajaliona. Mahali ni kiwanja cha mpira, mara nyingi cha shule ya msingi, jioni wanafunzi wakishaondoka. Mwalimu ni rafiki, kaka au binamu. Ada ni mafuta ya lita moja na soda. Somo la kwanza: klachi iachie taratibu, usiitupe. Ikizima, rudia. Somo la pili: gia. La tatu: zunguka magoli bila kuweka mguu chini. Siku chache baadaye mwanafunzi anapewa pikipiki akachukue mzigo shambani. Wiki ikiisha anakuwa deiwaka, anashika chombo wakati mwenye nacho amekwenda kula au amelala. Kichwa chake cha kwanza, yaani abiria wa kwanza wa kulipa, huenda akawa mama mwenye mtoto mgongoni.

Wasomi tuna kasumba ya kulicheka darasa hili. Mimi nalipa heshima yake. Kijana aliyefundishwa hivi anajua kusikia injini ikilalamika kabla haijaharibika. Anajua kupita kwenye mfinyanzi uliolowa akiwa na gunia nyuma, kitu ambacho mkufunzi wa mjini angekianguka mara ya kwanza. Anajua njia ipi haipitiki baada ya mvua, mteja yupi halipi, na kona ipi ina mbwa.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Ukijifunza kwa kuiga, unajifunza kile kinachotokea kila siku. Klachi inatokea kila siku, tope linatokea kila masika. Lakini lori linalokatiza mbele yako ghafla halitokei kila siku. Linaweza kutokea mara moja kwa mwaka, na siku hiyo mwalimu wako hayupo kukuonyesha. Kibaya zaidi, waliokosea siku hiyo hawarudi kijiweni kueleza walichokosea. Wako wodini, ile ambayo katika hospitali nyingi watu wanaiita wodi ya bodaboda, au hawapo kabisa. Wanaobaki kufundisha ni walionusurika, na aliyenusurika anafundisha alichokifanya yeye, hata kama hakikumsaidia chochote.

Wanatakwimu wana jina la mtego huu: upendeleo wa walionusurika. Unachunguza waliorudi, unasahau kwamba jibu liko kwa wasiorudi.

Sentensi yetu mezani

Basi turudi kwenye breki ya mbele. Dhana yangu ni kwamba kanuni ile ilizaliwa mahali ambapo ni ya kweli, kisha ikabebwa kupelekwa mahali ambapo ni ya uongo.

Kwenye mchanga, tope au changarawe, gurudumu la mbele likifungwa na breki linateleza, na gurudumu la mbele linaloteleza haliwezi kuelekezwa. Unaanguka kabla hujajua. La nyuma likiteleza unayumba tu, na mara nyingi unaokoka. Ongeza baiskeli tulizokulia: mwili mfupi, mwendeshaji amekaa juu, na ukiifunga ya mbele kwa nguvu kweli unaweza kuruka juu ya usukani. Kwa hiyo kijana wa Dumila aliyejifunza kwenye kiwanja cha vumbi, akaenda shambani kwa njia ya mchanga, alifundishwa ukweli. Dunia yake ilimthibitishia kila siku kwamba ya mbele inarusha.

Halafu anaingia barabara ya Dodoma.

Kwenye lami kavu fizikia inageuka. Umewahi kupanda basi dereva akakanyaga breki ghafla? Mwili wote unakwenda mbele. Pikipiki nayo ni hivyohivyo: ukifunga breki, uzito unahamia gurudumu la mbele. Sasa, tairi linashika barabara kwa kadiri linavyogandamizwa. La mbele linagandamizwa zaidi, linashika zaidi. La nyuma linabaki jepesi, linakaribia kuelea, na breki yake ikikazwa linafunga na kuburuzika tu, likipiga kelele bila kukusimamisha. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Waalimu wengi wa pikipiki duniani hutaja kama asilimia 70.

Tufanye hesabu kidogo, usiogope. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme breki ya nyuma peke yake inapunguza mwendo kwa mita 3.5 kwa sekunde katika kila sekunde, na zote mbili zikitumika vizuri zinapunguza kwa 7. Pikipiki yenye breki za ngoma na tairi lililoisha itatoa namba nyingine, ila picha haitabadilika. Ukigawanya kipeo cha pili cha mwendo kwa mara mbili ya upungufu huo, unapata umbali wa kusimama: nyuma peke yake, mita 28 hivi, zote mbili, mita 14. Hapo bado hujahesabu mita nyingine 14 zilizopotea katika ile sekunde moja ya kushtuka.

Lakini namba inayonisumbua ni nyingine. Wachukue vijana wawili, mwendo sawa, wameona hatari pamoja. Aliyetumia breki zote mbili amesimama. Mahali palepale aliposimama mwenzake, yule wa nyuma peke yake bado anakwenda kilomita 35 kwa saa. Kama kilichoko mbele ni kisigino cha lori, hiyo ndiyo kasi atakayokigonga nayo.

Kuna sharti moja, na ndilo linalofanya jambo hili lihitaji mafunzo ya mikono. Breki ya mbele hainyakuliwi. Ukiinyakua kabla uzito haujahamia, tairi linafunga hata kwenye lami. Inakamuliwa, kama unavyokamua limau: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, yote ndani ya muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hakuna mtu anayeweza kulijifunza hilo kwa kusoma makala, hata hii.

Wenzetu nao walifundishana viwanjani

Usidhani ni ujinga wa Kiafrika. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alikuwa kwenye pikipiki yake akawakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka, akafa siku sita baadaye. Hakuwa na kofia ngumu. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwepo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na askari tarishi wakaanza kufa kwenye pikipiki, Cairns akahesabu, na mwaka 1941 akachapisha: katika miezi 21 ya mwanzo wa vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa Uingereza. Waliopata ajali wakiwa na kofia aliowakuta walikuwa saba tu, na wote walipona. Kabla mwaka haujaisha jeshi likawalazimisha tarishi wake kuvaa kofia. Raia wakasubiri hadi 1973, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya ushahidi kuchapishwa. Ukisikia mtu anasema watu wetu ni wagumu kubadilika, mkumbushe hiyo.

Mafunzo yalikwenda polepole vilevile. Mwaka 1947 vyama vya magari na pikipiki vya Uingereza vilianza mpango wa kufundisha wanaoanza, kwa wakufunzi wa kujitolea. Ulikuwa wa hiari. Kwa miongo kadhaa baadaye Mwingereza aliweza kununua pikipiki, kubandika kibao cha L, na kuingia barabarani siku hiyohiyo bila kufundishwa na mtu. Na mtihani wenyewe! Mtahini alisimama kando ya barabara kwa miguu, mtahiniwa akazunguka mitaa, na ghafla mtahini akaingia barabarani akiinua ubao wake wa karatasi. Huo ndio uliokuwa mtihani wa kusimama ghafla. Ilipofika Desemba 1990 ndipo mafunzo ya awali yalifanywa kuwa lazima kabla ya kuingia barabarani.

Marekani walipata takwimu kwanza. Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikimbilia ajali za pikipiki huko Los Angeles zikiwa bado za moto, wakachunguza 900 hivi papohapo barabarani, na kupitia ripoti za polisi za nyingine maelfu. Ripoti yao ya mwaka 1981 bado inasomwa. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi: walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Kiwanja cha mpira, kwa maneno mengine. Katika ajali za pikipiki na chombo kingine, karibu mbili kati ya tatu zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki. Kwa kawaida mwendeshaji alikuwa na chini ya sekunde mbili za kufanya lolote. Na alifanya nini ndani ya sekunde hizo? Alikaza breki ya nyuma kupita kiasi hadi tairi likaburuzika, na ya mbele akaitumia pungufu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Los Angeles, miaka ya 1970, lami kila mahali, hakuna tope la Mkundi. Kosa ni lilelile.

Hapo dhana yangu ya vumbi na mchanga inapata mtikisiko, na ni haki uuone. Kama hata waliokulia kwenye lami wanaiogopa breki ya mbele, basi njia za mashambani haziwezi kuwa sababu yote. Nadhani mguu una asili yake: mtu akishtuka anakanyaga. Udongo wetu umeongeza juu ya hofu hiyo ushahidi wa kila siku.

Je, mafunzo yanasaidia kweli?

Ungetegemea hapa niseme ndiyo, tuhamie jambo jingine. Sayansi haijaniruhusu. Mwaka 2010 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima ubora, walikusanya 23 kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki. Hawakuweza kusema kama mafunzo yanapunguza ajali, wala ni mafunzo ya aina gani yaliyo bora. Tafiti nyingi zilikuwa dhaifu. Fikiria mwenyewe ugumu wake: anayejipeleka shule kwa hiari huenda alikuwa mwangalifu tangu mwanzo, kwa hiyo asipopata ajali huwezi kujua ni shule au ni tabia yake. Na kuna mafunzo yanayodhuru. Norway, miaka ya 1980, vijana wa kiume waliofundishwa kulimudu gari kwenye barabara ya utelezi walipata ajali zaidi baadaye. Walitoka pale wakijiamini kuliko uwezo wao.

Linganisha na kofia ngumu. Cochrane haohao, mwaka 2008, walipitia tafiti 61: kofia inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapo hakuna ubishi. Kwa hiyo kama mkufunzi ana dakika tano tu na vijana wa kijiwe, azitumie kwenye kofia, ikiwemo ile ya abiria. Najua abiria wa kwetu: atakwambia ina jasho la watu, itaniharibia nywele, naenda hapo tu. Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza 2014 ilifanya mafunzo na kofia ya pili kuwa sharti la kuingia, na abiria wakazoea.

Kwa upande wetu kupima ni kugumu zaidi, maana hata vifo hatuvihesabu sawasawa. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilikuwa na vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani likakadiria zaidi ya 16,000. Ukiwa na pengo la namna hiyo, utajuaje kama semina ya mwaka jana ilifanya kazi?

Juhudi zipo. Vyuo vya VETA na shule za udereva zinafundisha daraja A. Polisi wa usalama barabarani wanawafuata vijana vijiweni. Mashirika ya Amend na Transaid yalifanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuhusu mafunzo yanayowafaa bodaboda wa vijijini Tanzania, na hilo neno “yanayowafaa” ndilo zito. Kijana wa Dumila pikipiki si yake. Kila siku anadaiwa hesabu. Siku tatu darasani ni ada, nauli, na hesabu tatu ambazo mwenye chombo hatazisamehe. Ukimwita kwenye semina ya saa tatu chini ya mwembe atakuja, atajifunza alama za barabarani, atapigwa picha na cheti. Nina shaka kubwa na semina hizo kwa sababu moja: kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna mtu anayefunga breki.

Wahandisi wameamua kutosubiri. India, nchi inakotoka Boxer, iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2019 pikipiki mpya za hadi cc 125 zinazouzwa huko ziwe na breki zilizounganishwa, yaani ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inakamata kiasi. Na kubwa zaidi ya hapo ziwe na mfumo unaozuia tairi kufunga. Walikubali kwamba mguu utashtuka tu, wakaunganisha mguu na gurudumu la mbele. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria kwetu hazina kati ya hivyo viwili. Hilo ni jambo la kuwauliza wanaoweka viwango vya bidhaa zinazoingia nchini, na sioni likiulizwa sana.

Mpaka lijibiwe, zoezi la breki linagharimu mafuta kidogo na jioni moja. Lisifanyike kwenye kiwanja cha mpira, maana vumbi litaithibitisha tena ile sentensi. Wala barabara kuu si darasa. Tafuta sakafu ngumu: yadi ya ghala, uwanja wa saruji wa soko siku isiyo na gulio, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kofia kichwani, mtu mzoefu pembeni, hakuna watoto karibu. Chora mstari wa majivu. Njoo kwa kilomita 20 kwa saa, si zaidi, na ukifika mstarini tumia ya nyuma peke yake. Pima kwa hatua ulipoishia. Rudi, tumia ya mbele peke yake, kwa kukamua, usukani ukiwa umenyooka. Pima. Rudi, zote mbili. Rudia hadi vidole vyenyewe vielekee kwenye breki bila kuamriwa, ndipo uongeze mwendo kidogo kidogo. Siku nyingine mwaga maji uone umbali unavyorefuka. Na siku ya mwisho mpakie rafiki nyuma, naye avae kofia, uanze upya kwenye 20, kwa sababu uzito wa abiria unabadilisha kila kipimo ambacho mkono wako umeshakizoea.